Kijani Mbili Zinazosoma Joto: Kazi ya Mkemia wa Chembe Zinazong'aa

Zile bunduki za kupimia joto la paji la uso zilizotapakaa milangoni mwa benki na shule wakati wa korona zilikuwa na uwezo mmoja tu: kupokea mionzi ya infraredi inayotoka kwenye ngozi na kuigeuza kuwa namba. Ngozi tu. Kilichokuwa milimita chache chini yake hazikukijua. Mhunzi naye husoma chuma kwa rangi, kuanzia wekundu wa damu ya mzee hadi weupe unaoumiza macho. Wote wawili wanategemea jambo lilelile: kitu kimepata moto, na kwa kuwa kina moto kinatoa mionzi.

Chembe zinazozungumziwa hapa ni jamii nyingine kabisa. Hazing'ai kwa sababu zina moto. Zinang'aa kwa sababu zimemulikwa. Kazi ya joto ni ndogo na ya ndani: linaamua mwanga huo ugawanyike vipi kati ya rangi mbili zilizokaribiana. Ukiweza kupima mgawanyo huo, umepima joto la mahali chembe ilipo, hata kama ni ndani ya seli moja ya mwili. Watu wengi huchanganya mambo haya mawili, na ndiyo maana nimeanza na bunduki na mhunzi.

Chukua mfano unaojulikana kuliko yote katika fani hii: fuwele ya floridi ya sodiamu na itriamu, NaYF4, iliyotiwa metali mbili, iterbiamu na erbiamu kidogo. Ukubwa wake ni kama nanomita 20 hadi 40. Ukizipanga chembe za nanomita 25 kwenye mstari, utahitaji elfu 40 kujaza milimita moja. Ukiimulika kwa leza ya nanomita 980, ambayo jicho haliioni, inakurudishia mwanga wa kijani unaoonekana wazi.

Hapo penyewe pana fumbo. Infraredi ina nishati ndogo kuliko kijani, sasa nyongeza imetoka wapi? Imetoka kwa kuchanga. Ioni (atomu yenye chaji) ya iterbiamu inameza fotoni moja, yaani punje moja ya mwanga, na kumpa jirani yake erbiamu nishati hiyo. Kabla erbiamu hajaipoteza, iterbiamu anamletea ya pili. Fotoni mbili hafifu zimekuwa fotoni moja yenye nguvu. Mfaransa François Auzel alieleza njia hii mwaka 1966, na mwaka huohuo Ovsyankin na Feofilov walifikia jambo lilelile upande wa Urusi ya Kisovieti. Faida yake kwa anayepima vitu hai ni kubwa mno: tishu za mwili hazijui kufanya mchango huo, kwa hiyo kijani unachokiona kimetoka kwenye chembe zako, si kwenye protini za mgonjwa.

Sasa tuje kwenye joto. Kijani cha erbiamu si kimoja. Kipambanue kwa spektromita, kifaa cha kutenganisha rangi za mwanga, utaona mikanda miwili, mmoja karibu na nanomita 525 na mwingine karibu na 545. Kila mmoja unatoka kwenye ngazi yake ya nishati, na tofauti ya ngazi hizo unaweza kuikokotoa mwenyewe. Gawanya 1,240 kwa urefu wa wimbi katika nanomita, unapata nishati katika elektronivolti: 1,240 kwa 525 ni 2.362, na 1,240 kwa 545 ni 2.275. Tofauti ni 0.087, yaani milielektronivolti 87. Mtikisiko wa joto katika chumba cha kawaida una nishati ya kama milielektronivolti 26. Kwa hiyo mtikisiko huo hautoshi kuzipandisha elektroni zote ngazi ya juu, lakini unatosha kuzirusha baadhi. Ukiingiza na idadi ya nafasi zilizopo katika kila ngazi, unakuta kwamba kwenye nyuzi 25 za Selsiasi, kwa kila elektroni kumi zilizoko ngazi ya chini, moja hivi iko ya juu. Joto likipanda, zinazorushwa juu zinaongezeka, na 525 inapata nguvu dhidi ya 545.

Uwiano wa mikanda hiyo miwili unafuata kanuni ya Boltzmann: logi asilia ya uwiano, ikichorwa dhidi ya moja gawanya kwa joto la kelvini, inatoa mstari ulionyooka, na mteremko wake ni hasi 1,010 hivi. Kutoka nyuzi 25 hadi 45, uwiano unapanda kwa takriban asilimia 24. Kwa kila digrii moja karibu na joto la chumba, ni asilimia 1.1.

Asilimia 1.1 ni kidogo, na watu huuliza kwa nini isitafutwe ioni yenye ngazi zilizoachana zaidi ili uwiano ubadilike kwa kasi. Tatizo ni kwamba ngazi ya juu ikiwa mbali, hakuna elektroni zinazoifikia, na mkanda unaotaka kuupima unafifia mpaka hauonekani. Zikikaribiana mno, zote zinajaa na joto halibadilishi kitu. Markus Suta na Andries Meijerink walifanya hesabu ya jambo hili na kuichapisha mwaka 2020: nafasi nzuri ni pale tofauti ya ngazi inapokuwa kati ya mara 2 na mara 3.41 ya nishati ya mtikisiko wa joto. Erbiamu kwenye joto la chumba iko kwenye mara 3.4. Imepita kwenye tundu la sindano, na hakuna aliyeipanga hivyo.

Na kwa nini uwiano, badala ya kupima tu mng'ao unavyopungua au kuongezeka? Kwa sababu mng'ao unabadilishwa na kila kitu. Seli ikisogea kidogo nje ya fokasi ya hadubini, mng'ao umeshuka. Leza ikichoka kwa asilimia mbili, umeshuka. Chembe zikijikusanya kona moja, umepanda. Mikanda miwili inayotoka kwenye ioni ileile kwa wakati uleule hupata mikosi hiyo pamoja, nayo hukatana ukigawanya. Angalau hiyo ndiyo hoja, tutaona inapovunjika.

Tuingie maabara. Kwa mapishi ya kawaida ya milimoli moja, unapima kloraidi zenye maji sita ya fuwele: itriamu miligramu 237 (milimoli 0.78), iterbiamu miligramu 78 (0.20), erbiamu miligramu 7.6 (0.02). Hiyo ya erbiamu ndiyo inayowaponza wanaoanza. Miligramu 7.6 kwenye mizani yenye makosa ya miligramu moja ni kosa la zaidi ya asilimia 13, na chumvi hizi hunyonya unyevu hewani huku ukizitazama. Afadhali utengeneze myeyusho uliopimwa mara moja vizuri, kisha uchote kwa pipeti.

Chumvi zinaingia kwenye chupa ya duara yenye shingo tatu pamoja na mililita 6 za asidi oleiki na 15 za oktadesini. Pasha hadi nyuzi 160 chini ya gesi ya arigoni kwa nusu saa, mpaka kimiminika kiwe angavu na rangi ya manjano hafifu. Kikibaki na ukungu, chumvi haijageuka yote kuwa oleati (chumvi ya asidi oleiki), na ukiendelea utapata chembe za kila ukubwa. Acha kipoe hadi joto la chumba. Ndipo unadondoshea taratibu mililita 10 za methanoli zenye floridi ya amonia miligramu 148 na hidroksidi ya sodiamu miligramu 100. Mchanganyiko unageuka kama tui. Unakoroga nusu saa.

Hatua inayofuata haina mbwembwe, na ndiyo inayoharibu kazi nyingi kuliko zote: kuitoa methanoli. Inachemka kwenye nyuzi 65, kwa hiyo unakaa kwenye 70 bila haraka, kisha unapanda 100 na kufungulia pampu ya ombwe dakika kumi au zaidi, mpaka mapovu yakome kabisa. Mwenye haraka anasema yamebaki machache, anapandisha moto, na kwenye nyuzi 120 na kitu tui lote linaruka ghafla hadi kwenye kondensa. Chembe za siku hiyo zimekwisha, na anayesafisha vioo ni yeye.

Methanoli ikiisha, rudisha arigoni na upande hadi nyuzi 300, ukae hapo saa moja. Fuwele hii ina maumbo mawili: la mchemraba, linalotokea kwanza, na la pembe sita, linalokuja baadaye na kung'aa kijani kwa nguvu zaidi kwa mbali. Ukikatisha dakika ya 20, au kipimajoto chako kikiwa kimegusa ukuta wa chupa na kukudanganya kwa digrii 15, unatoka na mchanganyiko wa yote mawili. Kwa macho huutambui. Mashine ya eksirei ya unga ndiyo inayousema. Mchanganyiko kama huo ni mbaya kwa kipimajoto, kwani kila umbo lina uwiano wake wa mikanda na hesabu yako inakuwa wastani wa vitu viwili usivyovijua kiasi chake.

Neno la tahadhari, maana mapishi mengi hulipitia mbio. Floridi ya amonia kwenye joto kubwa inatoa amonia na floridi ya hidrojeni, gesi inayokula kioo na inayopenya ngozi hadi kwenye kalisiamu ya mifupa. Kazi hii yote inafanyiwa ndani ya kabati la kufyonza hewa, na jeli ya kalsiamu glukonati, dawa ya kuungua na floridi hiyo, inakaa mkononi, si kwenye stoo iliyofungwa. Na leza ya 980, kwa kuwa haionekani, jicho halipepesi ikiliingia. Miwani maalumu ya urefu huo wa wimbi ni lazima.

Baada ya kupoa, mimina ethanoli, chembe zitashuka. Zungusha kwenye sentrifuji, osha kwa ethanoli na maji, na rudia. Maji yana sababu yake: sodiamu na floridi ya ziada huacha unga mweupe ambao ethanoli haiuyeyushi, na mtu huupima akadhani amepata mavuno makubwa. Usizikaushe chembe. Zitie kwenye saikloheksani zikiwa bado na unyevu wa ethanoli, la sivyo zitashikana na hazitaachana tena.

Mpaka hapo una chembe zinazopenda mafuta. Seli ni maji. Unaweza kuivua asidi oleiki kwa maji yenye asidi ya hidrokloriki kwenye pH 4, au kuivisha chembe polima inayopenda maji. Kwa vyovyote vile unalipa: mitikisiko ya viungo vya oksijeni na hidrojeni katika maji inaiba nishati ya erbiamu iliyo karibu na uso, na mng'ao unashuka sana. Dawa ni kuijengea fuwele ganda la NaYF4 tupu, nanomita chache, kabla ya kuivua. Jambo jingine lisilosemwa vya kutosha ni kwamba chembe zikiwa chache sana majini huyeyuka polepole zenyewe kwa siku kadhaa. Kipimajoto kilichosawazishwa Jumatatu si lazima kiwe kilekile Ijumaa.

Kusawazisha kwenyewe ni kazi ya mchana mzima. Weka kimiminika kwenye kisanduku cha kioo, chovya waya wa themokapo (kipimajoto cha umeme) ndani ya kimiminika chenyewe, karibu na mwale. Usiamini namba ya kishikilio kinachopasha kisanduku hicho. Kishikilio kikisema 50, maji ya ndani yanaweza kuwa 48. Panda kutoka 20 hadi 60 kwa hatua za digrii 5, subiri dakika kumi kila hatua, kisha shuka kwa hatua zilezile. Njia ya kupanda na ya kushuka zisipolaliana, kuna kitu kinabadilika ndani ya chembe, au hukusubiri. Toa mwanga wa usuli, jumlisha mkanda mmoja kutoka 510 hadi 533 na wa pili kutoka 533 hadi 565, chora mstari. Uzuri wa erbiamu ni kwamba unajua jibu kabla hujachora: mteremko, ukiacha alama ya hasi, lazima ukaribie 1,010. Ukipata 700, au 1,400, usikimbilie kuandika kwamba umegundua nyenzo mpya. Kagua vichujio na spektromita kwanza.

Habari za kazi hii zilitoka nje ya duara la wataalamu mwaka 2010, pale timu iliyowajumuisha Fiorenzo Vetrone na John Capobianco, pamoja na wenzao wa Madrid Daniel Jaque na José García Solé, ilipoziingiza chembe za aina hii ndani ya seli za HeLa, seli za saratani zinazokuzwa maabara, na kufuatilia joto kutoka nyuzi 25 hadi 45, seli zilipokufa. Vetrone ni mkemia. Udaktari wake aliufanya kwa Capobianco katika Chuo Kikuu cha Concordia, Montréal, akaenda Madrid kufanya kazi na wanafizikia, kisha akarudi Québec kuanzisha maabara yake. Njia hiyo ni ya kawaida kwa fani hii: mwenye chembe lazima aende kwa mwenye leza, na wote wawili waende kwa mwenye seli.

Lakini tangu wakati huo sehemu kubwa ya kazi imekuwa kuwinda digrii za uongo.

Ya kwanza ni leza yenyewe. Sentimita moja ya maji inameza karibu asilimia 40 ya mwanga wa nanomita 980. Unapopima, unapasha. Kwenye nanomita 808 maji yanameza kama asilimia 2 tu, ndiyo maana wengi wamehamia huko kwa kuongeza metali nyingine, neodimiamu, kwenye ganda la chembe ili imeze 808 na kuikabidhi iterbiamu. Asiyeweza kuhama apime kwa nguvu tatu au nne tofauti za leza, kisha aurefushe mstari hadi nguvu sifuri.

Ya pili ni hila ya erbiamu. Ukimulika kwa nguvu sana, ngazi nyingine ya juu zaidi nayo inaanza kutoa mwanga karibu na nanomita 555, ndani ya eneo unalojumlisha. Mkanda wa pili unanenepa, uwiano unashuka, na unasoma baridi mahali ambapo, kwa leza hiyo, pana joto zaidi.

Ya tatu ndiyo inayovunja ile hoja ya mikosi kukatana. Mikanda miwili ikipita kwenye damu, haipati hasara sawa. Himoglobini yenye oksijeni ina vilele vya umezaji kwenye nanomita 541 na 577. Cha kwanza kiko karibu juu ya mkanda wa 545. Tuseme tishu imeudhoofisha mkanda huo kwa asilimia 10 zaidi ya wa 525. Uwiano unapanda kwa asilimia 11. Weka kwenye kanuni: mwili wa nyuzi 37 unasomeka 47. Mtu anayechoma uvimbe kwa joto, akilenga nyuzi 43 na kuogopa kuunguza tishu nzima, hawezi kufanya kazi na kosa la digrii kumi.

Halafu kuna hesabu ya fotoni, ambayo haina ujanja. Kudai digrii 0.1 kwa erbiamu ni kudai kuujua uwiano kwa asilimia 0.11, na kelele ya kuhesabu fotoni inataka karibu laki nane katika mkanda dhaifu peke yake. Ukiona picha ya seli yenye maelfu ya nukta, kila nukta imepimwa kwa milisekunde chache, na mwandishi anatoa digrii 0.1 kwa kila nukta, muulize fotoni zake zilikuwa ngapi.

Ugomvi mkubwa zaidi unahusu seli zenyewe. Mwaka 2012 Kohki Okabe na wenzake nchini Japani, kwa kutumia polima inayong'aa, waliripoti kwamba kiini cha seli kina joto la kama digrii moja zaidi ya sehemu nyingine. Mwaka 2014 Guillaume Baffou na wenzake wakajibu kwa hesabu inayoingia kwenye kiganja: seli moja inazalisha joto dogo mno, tuseme pikowati 100, yaani sehemu moja ya bilioni kumi ya wati, upana wake ni mikromita 10, maji hupitisha joto kwa kiasi cha wati 0.6 hivi kwa mita kwa digrii, tuseme 1. Gawanya, unapata sehemu moja ya laki moja ya digrii. Kilichopimwa kinazidi kinachotarajiwa mara laki moja. Mwaka 2018 Dominique Chrétien na wenzake wakaandika kwamba mitokondria, sehemu za seli zinazozalisha nishati, hufanya kazi karibu na nyuzi 50, na mjadala ukawaka upya. Wapo wanaosema fizikia ya ndani ya seli bado haijaeleweka. Mimi naiona hoja ya Baffou kuwa nzito zaidi: rangi zinazong'aa husikia pia pH, unene wa kimiminika na protini za jirani, na ni rahisi kwa kifaa kusikia hayo kuliko kwa joto kukataa kusambaa majini.

Nje ya seli, mambo ni tulivu. Nyuzi za kioo zenye fosfa (dutu inayong'aa ikimulikwa) kwenye ncha hupima joto ndani ya transfoma kubwa za umeme na ndani ya mashine za MRI, mahali ambapo waya wa chuma haufai. Nyingi ya hizo hazipimi uwiano bali muda ambao mwanga unachukua kufifia baada ya kumulikwa, na muda huo haujali himoglobini wala vumbi.

Kwa ndani ya mwili, macho ya watafiti yameelekea kwenye neodimiamu, inayomulikwa kwa 808 na kutoa mwanga wa infraredi unaopita kwenye tishu vizuri kuliko kijani. Ni metali ileile inayopatikana katika mlima Ngualla mkoani Songwe na Gakara nchini Burundi, ingawa wanunuzi wanaiwazia sumaku za injini, si vipimajoto. Lakini mikanda yake iliyo karibu na nanomita 880 inatoka kwenye ngazi zilizoachana kwa milielektronivolti 12 tu. Kwa pengo hilo, uwiano unabadilika asilimia 0.16 kwa digrii, na ile digrii 0.1 sasa inagharimu karibu fotoni milioni 40.